Kiwango cha gawio katika akaunti yangu ya kustaafu: mfuko mmoja, tarakimu tatu

Muuguzi wa Tabata

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba msaada wa yeyote anayeielewa vizuri mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwa kuwa nimehangaika na taarifa moja ya akaunti tangu mwezi huu wa Januari ulipoanza, na kila ninayemwuliza ananipa hesabu yake.

Nilifanya kazi ya uuguzi Marekani, katika jimbo la Minnesota, kwa miaka 14, kisha nikarudi Dar es Salaam moja kwa moja. Uraia wa kule sikuchukua, na kadi ya ukaazi niliirudisha kwa utaratibu. Kilichobaki huko ni akaunti yangu ya kustaafu, ile inayoitwa IRA ya kawaida, ambayo fedha zake ziliingia kabla ya kukatwa kodi ya mapato. Ndani yake kuna mfuko mmoja tu wa hisa, unaoendeshwa na meneja anayechagua makampuni mwenyewe. Nina umri wa miaka 61, sijaanza kutoa kitu, na magawio yote yamekuwa yakinunua vipande vipya, yaani sehemu za umiliki wa mfuko, bila mimi kufanya lolote. Mafao ya hapa nyumbani sina ya kutegemea, kwa sababu miaka yangu mingi ya kazi ilikwenda ughaibuni.

Taarifa ya Desemba niliichapisha kwa kijana wa fotokopi hapa Tabata, nikaikalia na kalamu nyekundu. Inaonyesha kwamba nilikuwa na vipande 2,140, na siku moja kabla ya gawio kila kipande kilikuwa na thamani ya dola 28.00. Siku ya gawio kuna mistari miwili: wa kwanza unasema gawio la mapato, senti 45 kwa kila kipande, wa pili unasema mgawo wa faida ya mauzo, dola 1.55 kwa kila kipande. Siku hiyohiyo thamani ya kipande ikashuka hadi dola 26.00.

Nilipofungua ukurasa wa mfuko nikakuta viwango viwili vya gawio. Kimoja ni cha miezi 12 iliyopita, asilimia 1.73. Kingine ni cha siku 30, asilimia 1.48. Mdogo wangu aliyesomea biashara akachukua dola 2.00 zote nilizolipwa, akazigawanya kwa dola 28, akapata asilimia 7.14, na akaniambia kwamba hicho ndicho kiwango halisi, ila wenye mfuko wanakificha. Shemeji yangu naye anasema kiwango cha asilimia 1 na ushee ni aibu, na kwamba niuze vyote ninunue mfuko unaolipa asilimia 9 kwa mwaka, kwa sababu nia yangu ni kuanza kupata kama dola 300 kila mwezi za kujikimu.

Maswali yangu ni haya. Tarakimu ipi ni ya kweli? Kwa nini bei ilishuka kwa dola mbili kamili siku ileile niliyolipwa dola mbili? Je, nimekatwa kodi bila kujua? Na ushauri wa shemeji nifanye nao nini?

Mhasibu wa Kariakoo

Dada Muuguzi, karibu, na hongera kwa kuweka taarifa zako vizuri, maana wengi huja hapa na neno "asilimia" tupu bila bei wala idadi ya vipande. Nitaanza na kitu chenyewe kabla ya tarakimu zako.

Kiwango cha gawio ni sehemu tu, yaani namba ya juu na namba ya chini. Juu kuna fedha zilizolipwa katika kipindi fulani, chini kuna bei ya kipande. Chukulia nyumba ya kupangisha karibu na Bonde la Msimbazi, yenye thamani ya shilingi milioni 120 na inayoingiza kodi ya pango ya milioni 6 kwa mwaka: kiwango chake ni asilimia 5. Mvua za masika zikija zikalijaza bonde, watu wakaogopa eneo lile, thamani ya nyumba ikaporomoka hadi milioni 80 huku mpangaji akiendelea kulipa milioni 6 zilezile, kiwango kinapanda hadi asilimia 7.5. Mwenye nyumba hajaongezewa hata shilingi. Amepoteza milioni 40, na asilimia imepanda kwa sababu hiyohiyo. Naomba uukumbuke mfano huu kila unapoona mfuko unajisifu kwa asilimia kubwa, kwa sababu namba ya chini ikianguka, matokeo yake hupanda bila mtu yeyote kufanya kazi ya ziada.

Sasa tarakimu zako tatu.

Asilimia 1.73 inatazama nyuma. Wamechukua senti 45 za gawio la mapato, yaani magawio ambayo mfuko wenyewe ulilipwa na makampuni kwa miezi 12 baada ya kutoa gharama zake, wakazigawanya kwa bei ya sasa ya dola 26. Asilimia 1.48 inatokana na kanuni iliyowekwa na Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani ili mifuko yote ipimwe kwa kipimo kimoja: huchukuliwa mapato halisi ya mfuko ya siku 30 za karibuni, baada ya gharama, yakageuzwa kuwa ya mwaka mzima na kugawanywa kwa bei ya mwisho wa kipindi. Kwa kuwa makampuni hayalipi magawio kwa mwendo sawa mwaka mzima, viwango hivyo viwili hupishana kidogo, na kupishana huko si kosa la mtu. Ukitaka kulinganisha mfuko na mfuko, tumia cha siku 30, hasa kwa mifuko ya hatifungani, yaani hati za mikopo ambayo serikali na makampuni hukopa kwa wawekezaji na kuilipia riba. Ukitaka kujua kilichokwisha kuingia, tumia cha miezi 12.

Asilimia 7.14 ya mdogo wako ni hesabu sahihi ya kitu kingine. Zile dola 1.55 si mapato ya mwaka. Ni faida ambayo meneja aliipata alipouza hisa zilizopanda bei, huenda baada ya kuzishikilia miaka kadhaa, na ilikuwa tayari imo ndani ya bei ya kipande chako kabla hujalipwa. Mwaka ujao mgawo wa namna hiyo unaweza kuwa senti 20, au usiwepo kabisa. Kwa hiyo hakuna anayekuficha kitu. Wenye mfuko wameiacha nje ya kiwango kwa sababu kuiingiza kungempotosha msomaji anayedhani atalipwa hivyo kila mwaka.

Kuhusu bei kushuka, hujaibiwa, na unaweza kujithibitishia kwa kalamu yako nyekundu. Vipande 2,140 mara dola 28 ni dola 59,920. Ulilipwa dola 2 kwa kila kipande, jumla dola 4,280. Fedha hizo zilitoka ndani ya mfuko, na mfuko uliotoa dola 2 kwa kila kipande hauwezi kubaki na bei ileile. Ndiyo sababu ukawa dola 26. Kisha dola 4,280 zikanunua vipande vipya kwa bei ya dola 26, ambavyo ni 164.615. Sasa una vipande 2,304.615, na ukivizidisha kwa 26 unarudi kwenye dola 59,920 zilezile. Watu wa pwani wanalijua jambo hili bila kalamu: mnazi wenye madafu juu hauna bei sawa na mnazi ulioanguliwa jana, na aliyeangua ana madafu yake mkononi.

Utauliza kwa nini basi wanajisumbua kulipa, kama mlipwaji habadiliki hali. Jibu liko kwenye sheria ya kodi ya Marekani. Mfuko wa pamoja hauepuki kodi ya makampuni mpaka ugawe kwa wenye vipande angalau asilimia 90 ya mapato yake, na kuna kodi nyingine ya asilimia 4 juu ya kiasi ambacho kingepaswa kugawiwa ndani ya mwaka wa kalenda kikabaki. Ndiyo maana Desemba kila mfuko unahangaika kugawa. Meneja wako hakukulipa dola 2 kwa sababu mwaka ulikuwa mzuri kuliko mingine. Alilipa kwa sababu sheria ilimtaka.

Kodi: ndani ya IRA gawio halikatwi chochote linapoingia, liwe la mapato au la faida ya mauzo. Mwenye mfuko kama huo nje ya akaunti ya kustaafu angetozwa kodi kwa dola 4,280 hizo mwaka huohuo hata kama aliziwekeza upya, na ndiyo maana watu huepuka kununua mfuko wiki moja kabla ya gawio la Desemba. Wewe hilo halikuhusu. Kodi yako inakusubiri mlangoni, siku utakapotoa fedha, na hapo haitauliza kama dola hiyo ilikuwa gawio, faida ya mauzo au mtaji. Yote huhesabiwa kuwa kipato cha kawaida. Kwa maana hiyo, ndani ya akaunti yako gawio na kupanda kwa bei ni fedha ya aina moja, na unachotakiwa kufuatilia ni jumla ya vyote viwili.

Mkaazi wa Mbagala

Shikamoo mama. Naomba niongezee kuhusu ule mfuko wa asilimia 9, kwa sababu mimi niliingia kwenye mfuko wa namna hiyo nilipokuwa bado nafanya kazi nje, na nimeyaandika yote kwenye daftari.

Nilinunua vipande 1,000 kwa dola 20 kila kimoja. Mfuko ulitangaza kwamba unalipa asilimia 10, na kweli mwaka wa kwanza ulinilipa dola 2.00 kwa kila kipande, kila mwezi sehemu yake, bila kuchelewa hata siku moja. Fedha hizo nilizitumia. Mwaka wa pili nikalipwa dola 1.80, wa tatu dola 1.60, wa nne dola 1.40. Nilikuwa naona malipo yanapungua, lakini kila nilipofungua ukurasa wa mfuko niliona kiwango bado ni kilekile cha asilimia 10, nikajipa moyo. Sikuwa nimeitazama bei. Nilipoitazama mwisho wa mwaka wa nne ilikuwa dola 13.40. Ukigawanya 1.40 kwa 13.40 unapata asilimia 10.4, na hicho ndicho kiwango kilichokuwa kinaniliwaza.

Nikajumlisha: magawio ya miaka minne ni dola 6.80 kwa kipande, bei iliyobaki dola 13.40, jumla dola 20.20. Kwa miaka minne mizima faida yangu ilikuwa senti 20 juu ya dola 20. Nilikuwa nimeishi kwa mtaji wangu nikidhani naishi kwa matunda yake. Baadaye nilisoma notisi ambazo mfuko ulikuwa unanitumia pamoja na malipo, ambazo sikuwahi kuzifungua, na humo ilikuwa imeandikwa wazi kwamba sehemu kubwa ya mgawo ilikuwa "kurejeshewa mtaji". Sheria iliwalazimu waseme, na walisema. Nami sikusoma.

Simaanishi kwamba kila mfuko wenye kiwango kikubwa ni mbaya. Ipo inayonunua hatifungani za makampuni yenye madeni mazito, ipo inayouza haki za kununua hisa zake ili ipate ada ya papo kwa papo na kwa kufanya hivyo inaachia faida kubwa soko likipanda. Hizo ni njia halali. Ila kabla mama hajakubali, amwombe shemeji amwonyeshe vitu viwili tu: bei ya kipande miaka mitano iliyopita na bei ya leo. Kama bei imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka, asilimia 9 hiyo inatoka mfukoni mwake mwenyewe.

Muuguzi wa Tabata

Marahaba mwanangu, na pole kwa yaliyokupata. Nimelisoma daftari lako mara mbili. Mhasibu, nimerudia hesabu yako na nimepata 59,920 kama ulivyosema, na moyo umetulia.

Lakini limebaki lile la kujikimu. Kama gawio la mapato ni senti 45, kwa vipande vyangu 2,140 hiyo ilikuwa dola 963 kwa mwaka mzima, ambayo haifiki hata dola 81 kwa mwezi. Nilikuwa na wazo kwamba mtu hula gawio na haugusi mti. Bila kuhamia kwenye mfuko unaolipa zaidi, hizo dola 300 zitatoka wapi? Na kuna jirani aliyeniambia nihamishie kwenye hatifungani, kwamba huko kiwango ni kikubwa na bei haitikisiki.

Kipande kwa Kipande

Dada, naomba nianzie nyumbani, kwa sababu mfano wetu unaonekana vizuri zaidi kuliko wa Marekani. Pale UTT AMIS, kampuni ya hapa Tanzania inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kuna Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, na kuna Mfuko wa Jikimu. Umoja haugawi gawio. Faida yote inabaki ndani na kuonekana kwenye thamani ya kipande, ambayo imepanda mara kadhaa tangu ulipoanza. Jikimu, kama jina lake linavyosema, uliundwa ili kumlipa mwenye vipande mapato ya kila mara. Mtu akikuuliza kiwango cha gawio cha Umoja, jibu ni sifuri, lakini hakuna mwenye vipande vya Umoja vya miaka mingi anayeamini kwamba amepata sifuri. Akitaka fedha ya ada ya mtoto anakwenda kuuza vipande vya kiasi hicho na vilivyobaki vinaendelea. Kwa hiyo tayari tunaishi na jambo hili hapa Dar es Salaam: mmoja anapokea gawio, mwingine anauza vipande, na wote wawili wanapunguza kilichomo kwenye mfuko kwa kiasi walichopokea.

Sheria ya Marekani aliyoieleza Mhasibu ndiyo inayofanya mfuko wako usiweze kukaa kimya kama Umoja. Hata hivyo wewe unaweza kuuza vipande vyako mwenyewe. Ukitaka dola 200 na bei ni dola 26, unauza vipande 7.69, kwa kuwa mifuko huuza hata sehemu ya kipande. Gawio la senti kadhaa likilipwa, bei hushuka kwa senti hizohizo. Ukiuza vipande, bei haishuki ila idadi inapungua. Thamani inayobaki ni ileile. Tofauti ni kwamba ukiuza, wewe ndiye unayeamua kiasi na siku, badala ya bodi za makampuni na meneja.

Swali gumu ni kiasi gani kinaweza kutolewa bila kuumaliza mfuko, na hapa kiwango cha gawio hakisaidii. Dola 300 kwa mwezi ni dola 3,600 kwa mwaka, na kwa akaunti ya dola 59,920 hiyo ni asilimia 6. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani William Bengen alipitia historia ya masoko ya nchi yake na kuona kwamba mstaafu mwenye mchanganyiko wa hisa na hatifungani angeweza kutoa takribani asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha kuongeza kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, na akiba ikadumu angalau miaka 30 hata kama alistaafu katika kipindi kibaya. Hiyo haikuwa ahadi, ilikuwa hesabu ya yaliyopita, tena ya soko lao. Lakini kwa mtu wa miaka 61 anayetarajia, kwa neema ya Mungu, kuishi miaka mingi, ningeanzia hapo kuliko kwenye 6. Asilimia 4 ya fedha zako ni kama dola 2,397, yaani karibu dola 200 kwa mwezi.

Kuhusu jirani yako, hatifungani zinatikisika. Riba za soko zikipanda, hatifungani za zamani zenye riba ndogo hupoteza bei, na mfuko unaozishika hushuka. Mwaka 2022, benki kuu ya Marekani ilipopandisha riba kwa kasi, kipimo kikuu cha hatifungani za nchi hiyo kilishuka kwa takribani asilimia 13, na waliokuwa wamekimbilia huko kwa kutafuta utulivu walishangaa sana. Baada ya hapo viwango vya mifuko hiyo vikawa vizuri kuliko vilivyokuwa kwa miaka mingi, kwa kuwa bei ilikuwa imeshuka na riba mpya zilikuwa kubwa. Ndiyo nyumba ya Msimbazi tena, ila huku mpangaji mpya kweli analipa zaidi. Kuwa na sehemu ya hatifungani kwa umri wako ni busara, kwa sababu hisa pia zilianguka mwaka huohuo na huwa zinaanguka kwa kina zaidi. Kuhamia huko kwa ajili ya asilimia peke yake ni kurudia kosa la kaka wa Mbagala kwa mlango mwingine.

Mhasibu wa Kariakoo

Nakubaliana na Kipande kwa Kipande, na naomba kuongeza mambo ambayo kwa hali yako yana uzito kuliko kiwango cha gawio chenyewe.

Umeshavuka miaka 59 na nusu, kwa hiyo adhabu ya asilimia 10 ya kutoa mapema haikugusi. Lakini wewe si raia wala mkaazi wa Marekani kwa sasa, na Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Kwa kawaida msimamizi wa akaunti hukata kodi ya zuio ya asilimia 30 kwenye kila unachotoa. Dola 200 zitakazotoka zitafika Dar es Salaam zikiwa 140, kabla ya makato ya benki. Upo utaratibu wa kupeleka ritani ya wasio wakaazi, na kwa fedha zilizotokana na kazi uliyoifanya kule huenda ukastahili kurudishiwa sehemu, ila hilo lifanye na mtaalamu wa kodi za Marekani. Hapa nyumbani pia mkaazi hutozwa kodi kwa kipato cha duniani kote, kwa hiyo TRA waulizwe mapema, kwa maandishi.

Hakuna anayekulazimisha kutoa sasa. Kwa waliozaliwa mwaka 1960 na kuendelea, sheria inawataka waanze kutoa kiasi cha lazima wakifika miaka 75, na kiasi hicho hukokotolewa kwa salio la Desemba 31 likigawanywa kwa miaka ya makadirio ya maisha. Hata hapo hawatazami gawio. Mfuko wenye kiwango cha asilimia 1 na wenye kiwango cha asilimia 9 vitadaiwa kiasi kilekile kama salio ni moja.

Tazama pia ada ya uendeshaji ya mfuko wako, kwa sababu hukatwa kabla ya kiwango kuandikwa. Mfuko wenye meneja anayechagua hisa unaweza kukata asilimia 0.75 kwa mwaka, ilhali ule unaofuata soko zima hukata sehemu ndogo sana ya hapo, na tofauti hiyo inatoka kwenye magawio yako kabla hujayaona.

Jambo la mwisho ni la haraka. Yapo makampuni ya Marekani yanayomzuia mteja mwenye anwani ya nje kununua mfuko wa pamoja mpya, ingawa humwachia alionao na gawio lake kuendelea kununua vipande. Kabla hujauza hata kimoja kwa ushauri wa shemeji au kwa ushauri wetu, piga simu uulize kama utaruhusiwa kununua kingine.

Muuguzi wa Tabata

Nimepiga simu jana saa nne usiku, ambapo kwao ilikuwa saa saba mchana. Yule dada aliyepokea alikuwa mvumilivu sana. Amenithibitishia kwamba kwa anwani yangu ya Tanzania naweza kubaki na mfuko nilionao, gawio linaweza kuendelea kununua vipande, na ninaweza kuuza wakati wowote, lakini siwezi kununua mfuko mwingine wa pamoja. Kama ningekuwa nimeuza vyote Desemba ili nikanunue ule wa asilimia 9, ningebaki na fedha taslimu zimekaa kwenye akaunti. Hatifungani za kununua moja moja, nje ya mfuko, pamoja na zile za serikali ya Marekani, ninaruhusiwa, kwa hiyo hapo nitatafuta sehemu ya utulivu taratibu.

Ada ya mfuko wangu ni asilimia 0.68. Nimeiandika pembeni ya taarifa, chini ya zile tarakimu tatu.

Kwa sasa nimeacha gawio liendelee kuwekezwa upya. Fomu ya kutoa fedha wamenitumia, na kwenye nafasi ya kiasi cha kila mwezi nimejaza dola 200, kuanzia Julai, baada ya kuonana na mtu wa kodi. Shemeji nimemwomba aniletee bei ya kipande cha mfuko wake ya miaka mitano iliyopita. Ameniambia anaitafuta.

Mkaazi wa Mbagala

Akiileta, mama, tafadhali iweke hapa pamoja na kiasi kilicholipwa kila mwaka, tuijumlishe wote.

Muuguzi wa Tabata

Ameileta jioni hii. Miaka mitano iliyopita kipande kilikuwa dola 15.00, leo ni dola 10.10, na katika miaka hiyo kililipa jumla ya dola 5.35.